Mashine Imenifunga Mimi, Isimfunge Cherotich

Wewe uliyeambiwa juzi kwamba figo zako zimeacha kazi, na wewe unayemsindikiza mgonjwa wa namna hiyo huku una kazi na masomo yako mwenyewe, maneno haya ni yenu. Mimi sikusoma. Wenzangu walipopelekwa shule nilikuwa nikichunga ng'ombe wa baba, na baadaye nikachuma majani chai ya watu wengine mpaka nilipopanda yangu. Anayeandika ni Cherotich, mjukuu wangu, binti wa mwanangu wa kwanza. Nimemwagiza aandike nilivyosema, asipunguze ukali wala asiongeze sukari. Ninasema kwa Kiswahili kwa kuwa chumba cha mashine hakina kabila. Humo nimelala kando ya Wakisii, Wakikuyu na Wajaluo, na damu yetu sote ilipita katika mipira ya aina moja.

Figo ni nini, sitaeleza. Madaktari wapo.

Mimi nilianza kuugua mvua ndefu zilipoanza, wakati majani yanapochipuka haraka kuliko mikono ya kuyachuma. Gambuti zangu zilikataa kuingia miguuni. Nikalaumu matope, nikalaumu soksi. Asubuhi uso ulikuwa umefura hata macho yakawa kama ya mtu aliyelia, na mimi si mtu wa kulia. Chakula kikawa na ladha ya chuma, kana kwamba ninalamba jembe. Usiku nilijikuna mgongo kwa gunzi la mahindi mpaka ukatoka damu. Haya yote niliyanyamazia.

Cherotich ndiye aliyeyasema. Wakati huo alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha majani chai, sehemu ya kunyausha, pale majani mabichi yanapotandazwa na kupulizwa hewa yapoteze maji. Akitoka zamu ya asubuhi alikwenda chuoni kusomea afya ya mifugo, maana tangu utotoni alitaka kuwa daktari wa ng'ombe. Aliubonyeza muundi wangu kwa kidole, na shimo la kidole likabaki.

"Kugo," akasema, ndivyo sisi Wakipsigis tunavyomwita babu, "twende hospitali."

"Mimi si ng'ombe wako."

"Ungekuwa ng'ombe ungeshapelekwa. Ng'ombe hawabishani."

Tulikwenda hospitali ya Kaplong, na baada ya kupimwa tukatumwa hospitali nyingine, yenye mashine za kusafisha damu. Daktari kijana akanieleza kwa upole kwamba nitaunganishwa na mashine kila Jumatatu na kila Alhamisi. Nikamwuliza mpaka lini. Akatazama karatasi zake, ambazo hazikuwa na jibu, akasema tutaendelea kuona. Mpaka leo tunaendelea kuona.

Nataka mgonjwa mgeni aelewe kifungo hiki ni cha namna gani. Hakuna askari, hakuna ukuta. Unarudi nyumbani, unaliona shamba lako, unamsikia ng'ombe wako. Lakini kuna kamba, na urefu wake ni siku tatu, ukizidi sana nne. Dada yangu aliyenifuata kwa kuzaliwa alifariki wakati wa kupalilia mahindi, na mazishi yakapangwa Alhamisi. Wakati wanamshusha kaburini mimi nilikuwa nimelala chali, nikitazama damu yangu ikizunguka kwenye mpira. Sikumwambia mtu yeyote chumbani mle. Wangeniambia nijipe moyo.

Maneno hayo, jipe moyo, niliyachukia kuliko sindano. Watu wa kanisa walikuja nayo kila Jumapili, wakayaacha mezani pamoja na mkate, wakaenda zao. Moyo hauchotwi kwenye mtungi.

Mwanzoni mashine iliunganishwa na mpira uliotiwa shingoni mwangu, nao haukutakiwa kuingia maji wala uchafu. Nilioga kwa kitambaa kama mtoto mchanga. Baadaye walinipasua mkono wa kushoto wakaunganisha mishipa, na tangu siku ile mkono huo unanguruma mchana na usiku; ukiuweka sikioni utadhani ni mzinga wenye nyuki. Mkono huo haubebi kikapu cha majani, haukamui, haushiki panga. Ngozi yangu iliingia weusi mwingine, si ule niliozaliwa nao. Na mkojo, samahani kwa wasomaji, ulipungua hadi ukakoma kabisa. Hakuna aliyeniambia kwamba mwanamume anaweza kuhuzunika kwa kukosa kitu kama hicho. Mimi nilihuzunika.

Sasa nieleze kwa nini mzigo wote ulimwangukia msichana mmoja. Mke wangu alishatangulia. Mwanangu, baba yake Cherotich, anafanya kazi kwenye mashamba ya maua Naivasha na huja mwisho wa mwezi. Katika boma alibaki mke wake, Mama Cherotich. Huyo ni mwanamke hodari. Lakini kwetu, na hasa katika nyumba niliyoiongoza mimi, mke wa mwana haketi chumba kimoja na baba mkwe. Haingii anapolala wala hagusi mwili wake. Akileta chakula hukiweka mlangoni, hugeuza uso, huondoka. Tangu alipoolewa hatukuwahi kula meza moja, na sikuiona kuwa dhambi. Ilikuwa heshima, yangu kwake na yake kwangu.

Kwa hiyo Cherotich ndiye aliyenifunga kitambaa cha shingoni. Ndiye aliyenipeleka kwenye mashine, akabadilishana zamu na wenzake kiwandani, akakosa vipindi chuoni, akavirudia kwenye madaftari ya watu. Alikuwa akitabasamu kila wakati. Siku moja tukiwa kwenye benchi la kungojea, nikaona anatabasamu huku chai anayoimimina inapita nje ya kikombe. Nikamwambia aliondoe tabasamu lile, kwa sababu linamlia nguvu anazozihitaji kwa masomo.

"Sasa nifanye nini na uso wangu, Kugo?"

"Usome. Uso utajijua wenyewe."

Hiyo ikawa sheria yetu. Nikishaunganishwa, hakuna kuulizana hali wala kupeana pole. Anafungua kitabu na kusoma kwa sauti, nami ninasikiliza. Ninakiri kwamba nilianza kuyapenda masaa yale. Nimefuga maisha yangu yote, lakini sikujua kwamba tumbo la ng'ombe lina vyumba, na kila chumba kina kazi yake. Mimi nilikuwa ninamwuliza maswali juu ya aliyoyasoma, na akikosea nilinyamaza mpaka aone mwenyewe. Msidhani alikuwa na furaha. Kulikuwa na siku alisoma machozi yakidondokea kitabu, akayafuta kwa kiganja, akaendelea na mstari uliofuata. Hicho ndicho ninachokiita moyo. Sijawahi kuona kingine.

Kiti cha jirani yangu kilikuwa cha Mzee Ombati, Mkisii kutoka ng'ambo ya Sotik, mtu wa ndizi na majani chai, mwenye mdomo usiochoka.

"Msichana," alimwambia siku moja, "umesema chumba cha pili kina ukuta kama sega la nyuki?"

"Ndiyo, Mzee."

"Na hakimuumi?"

"Hakimuumi."

"Mimi nina chumba kimoja tu, na kinanishinda. Ukimaliza hao ng'ombe, uanze kusomea Wakisii."

Chumba kizima kilicheka, hata mama mmoja wa Sigowet ambaye hakuwahi kuinua kichwa kutoka kwenye mto.

Ikaja baridi ya mwezi wa saba, ukungu ukalala kwenye majani mpaka adhuhuri, na hapo ndipo tulipofanya kosa ambalo ninataka lisaidie wengine.

Mgonjwa wa figo hunywa kidogo sana. Maji anayokunywa hayana pa kutokea, hubaki mwilini mpaka mashine iyavute. Mimi niliruhusiwa kikombe kidogo asubuhi na kingine jioni. Cherotich alinitengea kikombe cha bati, akawaonya wote nyumbani, na mimi nikatii kama askari. Kiu hiyo siwezi kuieleza kwa mtu wa nchi hii, ambako mvua hunyesha kila alasiri na mgeni hapiti mlangoni bila chai. Niliyasikia maji ya paa yakijaza pipa, na ulimi wangu ukawa mkavu kama gome la mti.

Lakini kabla ya mashine hupimwa kwenye mizani, kama gunia la majani, na mizani ikawa inasema nimekunywa. Kila Jumatatu uzito ulikuwa juu. Muuguzi, mama mwenye sauti ya chini, akaniuliza nimekunywa nini. Nikasema vikombe vyangu tu. Akamtazama Cherotich. Cherotich akaapa. Jumatatu iliyofuata ikawa vilevile, na nikaona wanaanza kututazama kama watu wawili wanaoficha jambo. Mimi nikamshuku mjukuu wangu kwamba ananihurumia na kunizidishia. Yeye akanishuku kwamba ninakunywa kwenye pipa.

Jumapili moja alasiri nilishindwa kupumua. Kifua kilijaa. Kila nilipolala nilizama, kila nilipoketi nilizama polepole zaidi. Kijana mwenye gari la maziwa ndiye aliyenichukua, na Cherotich akanishika kwa nyuma nisianguke kati ya mitungi. Walinivuta maji kwa mashine siku ileile na tena siku iliyofuata. Nilipoweza kusema, muuguzi yule akaketi kando ya kitanda na kuuliza swali jingine. Hakuuliza nimekunywa nini. Aliuliza nimekula nini tangu asubuhi mpaka jioni.

Nikamhesabia. Ugali, mboga, mursik.

"Mursik kiasi gani?"

Nikamwambia kibuyu, kama kawaida. Wagonjwa huletewa mursik. Wazee wa rika langu walikuja nayo, majirani walikuja nayo, na mke wa mwanangu aliiweka mlangoni kila siku, laini na yenye harufu nzuri ya makaa yanayosuguliwa ndani ya kibuyu.

"Mzee, si nilikwambia usinywe zaidi ya vikombe viwili?"

"Sikunywa. Mursik ni chakula."

Na ndivyo ilivyo. Mkipsigis yeyote atakwambia kwamba maziwa yaliyogandishwa kibuyuni ni chakula. Mtu akishiba mursik hasemi amekunywa, anasema amekula. Nyumbani kwetu wote tulilinda kikombe cha maji kwa ukali, na hakuna hata mmoja aliyekitazama kibuyu. Hata Cherotich hakukitazama. Muuguzi alifunga macho kidogo. Kutoka kiti cha jirani, Mzee Ombati akasema kwamba amewahi kusikia watu wakizama mtoni, lakini ni mara ya kwanza kumwona mtu amezama kwa chakula.

Wewe unayesoma, sikia: uji ni maji. Supu ni maji. Mursik ni maji, na madaktari wanasema ndani yake mna chumvi nyingine zinazoweza kuusimamisha moyo. Mgeni akileta kibuyu, kipokee, mshukuru, uwape watoto.

Mimi nilicheka baadaye. Cherotich hakucheka. Alisema kwamba yeye ndiye aliyesoma, yeye ndiye aliyeambiwa na muuguzi, na kama ni mwanafunzi wa afya asiyejua kwamba maziwa ni maji, basi chuo kimempotezea muda. Wiki ile alikosa zamu, na msimamizi wake akamwonya mbele ya wengine. Mtihani wake wa vitendo ulikuwa umekaribia, nao uliangukia Alhamisi. Asiyefika siku hiyo hungoja mwaka mzima, na kwa wengi mwaka huo huwa ni wa kudumu.

Alikuja nikiwa nimeketi juani kando ya zizi. Akasema ameamua kuacha chuo. Atabaki na kazi ya kiwandani na mimi.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna. Nimechoka, Kugo. Siwezi kuwa sehemu tatu."

"Basi toa moja. Nitoe mimi."

Akaniuliza kama nadhani hilo ni jambo la mzaha. Sikuwa nikitania. Usiku ule niliamua kwamba Alhamisi ya mtihani sitakwenda kwenye mashine. Mtu anaweza kuruka siku moja, nilijiambia. Nilipomweleza, akasema vizuri, yeye naye hatakwenda kwenye mtihani. Nikamkaripia. Naye akanikaripia. Mjukuu wangu hakuwahi kuinua sauti kwangu, na siku ile aliinua mpaka kuku wakaondoka uani. Kisha tukaketi, kila mmoja upande wake wa mlango, kama fahali wawili waliofungwa kamba moja. Mimi nilikuwa mfungwa wa mashine, na nikaona kwa macho yangu jinsi kifungo changu kilivyokuwa kimeanza kupanuka ili na yeye aenee ndani.

Wakati huohuo mama yake akaleta chakula. Akakiweka mlangoni, akageuza uso. Nikautazama mgongo wake ukiondoka, nikafikiri: kumbe katika boma hili kuna mtu mzima mwenye miguu miwili na akili timamu, na aliyemzuia ni mimi.

"Mama Cherotich," nikasema. "Rudi. Ingia ndani."

Alisimama bila kugeuka.

"Baba, nimekosa?"

"Hujakosa. Ingia, ukae."

Aliketi ukingoni mwa kiti kama mtu anayeketi juu ya mayai. Nikamwambia kwamba Alhamisi atanipeleka hospitali yeye. Alisema hajui kitu. Nikasema binti yake atamfundisha. Alisema watu watasema. Nikasema wataanza nami.

Nao walisema. Wazee wa rika langu walikuja wakakaa kimya kwanza, ishara ya kwamba jambo ni zito. Mmoja akaniuliza kama sumu ya figo imepanda kichwani. Mwingine akauliza kama sasa mke wa mwanangu atanivua na suruali. Nikamjibu kwamba mashine haitaki suruali, inataka mkono. Na kama yeye ana wivu na mkono wangu, aje Alhamisi anisindikize mwenyewe. Hakuja. Mwanangu nilimpigia simu Naivasha. Akasema, "Baba, ningefurahi kama ungelisema tangu mvua zilipoanza." Sisemi kwamba mila ni mbaya. Nasema kwamba heshima iliwekwa imlinde mtu, na siku inapomnyonga mtoto, mzee ndiye mwenye ruhusa ya kulegeza fundo. Mke wa mwana hawezi kulegeza. Mtoto hawezi. Ni wewe, mzee mwenzangu, na usipofanya hakuna atakayefanya.

Alhamisi ilifika na mvua ya mawe iliyoyatoboa majani. Cherotich aliondoka alfajiri na koti lake la kazi na gambuti. Mimi na mama yake tulikwenda upande mwingine. Chumbani aliketi akitazama ukuta. Mzee Ombati alimwuliza kama na yeye anasoma ng'ombe, naye akatikisa kichwa.

Mashine ilipomaliza, sindano zikatolewa. Hapo lazima mtu abonyeze tundu kwa kidole, kwa nguvu, mpaka damu ikome. Ilikuwa kazi ya Cherotich. Mama yake alikiweka kidole juu ya mkono wangu kama mtu anayegusa jiko la moto, na damu ikapita chini yake ikalowesha shuka.

"Bonyeza," nikasema.

"Nabonyeza, Baba."

"Hubonyezi. Unaniheshimu. Bonyeza."

Akabonyeza. Nikauhisi mkono ule, mgumu kwa kuchuma majani, ukiukandamiza wangu mpaka mfupa. Damu ikakoma. Hakuondoa kidole. Akasema, akiwa bado anatazama ukuta, kwamba miezi yote ile alikuwa akimwona mtoto wake anakonda, naye amesimama mlangoni na sahani.

Nilimwambia kidole kiko mahali pazuri.

Tulikuwa bado kwenye benchi la nje, tukingoja gari, Cherotich alipotokea. Alikuwa amekuja moja kwa moja kutoka kwenye mtihani, matope hadi magotini, na mkono mmoja ulinuka zizi licha ya sabuni. Alimtazama mama yake aliyekuwa ameketi kando yangu, bega kwa bega, akasahau kusalimu.

Sikumwuliza kama amefaulu. Mambo hayo yana watu wake wa kuyatangaza, na baadaye waliyatangaza vizuri. Leo huitwa mpaka ng'ambo ya mto ng'ombe anapokataa kuzaa, na zamu za kiwandani ameziacha. Mimi bado ni wa Jumatatu na Alhamisi, na sitadanganya mgonjwa yeyote kwamba nimezoea. Siku ile nilimwuliza walimpa kazi gani. Akasema walimpa ng'ombe, akaambiwa aingize mkono tumboni kwa nyuma, aseme kama ana mimba.

"Alikuwa nayo?"

"Alikuwa nayo, Kugo. Changa sana."

"Ulijuaje?"

"Niliacha kuogopa, nikaishika."